Stanislavski, Brecht au Boal: kikundi kichanga kianze na nani?

Swali: Wakuu, waigizaji 8 wasio na uzoefu waanze na mbinu za mwongozaji yupi? Na kwa nini wengi wakijaribu mbinu za Brecht (mwandishi wa tamthilia na mwongozaji Mjerumani) igizo hupoa?

Jibu 1: Stanislavski, mwongozaji Mrusi, mmoja wa waanzilishi wawili wa kikundi cha maigizo cha Moscow Art Theatre (1898). Ligawe onyesho vipande vipande. Kwa kila kipande, mwigizaji aandike anachokitaka kwa kitenzi kinachomlenga mwenzake: "nimshawishi abaki", si "nina huzuni". Ukiikimbilia hisia yenyewe, uso unakakamaa na unaacha kumsikiliza mwenzako. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaoanza.

Jibu 2: Brecht hupoa kwa sababu watu hudhani alikataza hisia. Sivyo kabisa! Alitaka mtazamaji aendelee kufikiri huku akiguswa. Mazoezini, kila mmoja aseme maneno yake kwa nafsi ya tatu na wakati uliopita, pamoja na maelekezo ya jukwaani: "Akasimama, akasema hataki." Kisha rudini kwenye matini ya kawaida. Utaona mwigizaji anaonyesha uamuzi wa mhusika, halii tu.

Jibu 3: Msimsahau Augusto Boal, mwongozaji wa Brazil. Mbinu yake: linachezwa igizo fupi, mwonewa anashindwa. Linarudiwa; mtazamaji anapaza sauti "simama!", anaingia mahali pa mwonewa na kujaribu njia nyingine. Asiruhusiwe kuchukua nafasi ya mdhalimu, maana mdhalimu akigeuka mwema ghafla, tatizo linayeyuka bila mtu kujifunza kupambana nalo.