Naomba ushauri: mtoto ametanguliza matako, nijifungue kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji?

Ndugu zangu, mimba yangu ya pili ina wiki 36, na kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha kwamba mtoto ametanguliza matako. Daktari amependekeza upasuaji, ilhali mkunga mmoja mzoefu ananiambia kuwa, kwa vile mtoto wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, huenda nikaweza tena.

Ninachokihofia zaidi katika njia ya kawaida ni kichwa kukwama baada ya mwili kutoka, au kitovu kutangulia na kubanwa hadi mtoto akose hewa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha nchi 26, ulionyesha kuwa upasuaji uliopangwa hupunguza vifo na madhara makubwa kwa watoto wachanga; lakini baadhi yao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 2, tofauti ya vifo na ya kuchelewa kukua kiakili haikuonekana. Kwa mama, upasuaji una hatari ya kuvuja damu, maambukizi na damu kuganda, na katika mimba zijazo kondo la nyuma linaweza kujishikiza kwenye kovu. Nami bado natamani watoto wengine, jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili.

Je, yupo ambaye daktari alimgeuza mtoto wake kwa mikono juu ya tumbo, na ilifanikiwa? Tena, nimwulize daktari maswali gani ili nijue kama wahudumu wa zamu wana uzoefu wa kuzalisha mtoto aliyekaa hivi, na kama chumba cha upasuaji kitakuwa tayari hata usiku?