Naomba ushauri: Peugeot 504 ya mwaka 1973, bodi na kubadilisha injini, nianze na lipi?

Simba504
Wakuu, heshima zenu. Nina Peugeot 504 saluni ya mwaka 1973, ya petroli, isiyo na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambayo nimeamua kuifufua iwe gari la kutembelea na si pambo la kuegesha. Sehemu za chini za bodi zilikuwa zimeliwa na kutu, na kazi ya kuchomelea imeshaanza. Injini yake ya asili ilichemsha zamani, ikaunguza gasketi ya silinda hedi, na haijawashwa tangu hapo. Nataka kuweka injini ya Toyota 22R pamoja na gia boksi yake, kwa sababu ni injini ngumu na kila fundi ameishika.

Swali langu ni moja tu. Nimalize bodi yote mpaka rangi ndipo nifunge injini, au nifunge injini kwanza ili gari liweze kwenda lenyewe kwa mpiga rangi? Nikikosea mpangilio nitakwaruza rangi mpya, au nitachomelea karibu na nyaya mpya. Jambo hili limeninyima usingizi, kwa hiyo naomba waliopita njia hii wanisaidie.

Mlinzi wa Asili
Ndugu mleta uzi, kabla ya kuuliza kipi kitangulie, jiulize kama una haki ya kuing'oa injini hiyo. Gari hili lilizinduliwa mwaka 1968, mwaka uliofuata likatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiwa na 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena akiwa na 504 kupe ya V6. Ukiliwekea injini ya gari jingine utabaki na ganda la Peugeot na moyo wa kuazima. Mimi naamini kwamba mtu anayepewa kitu cha namna hii hupewa akitunze, na wala hapewi akigeuze apendavyo.

Bibi Spana
Mlinzi, mwenzako ameuliza mpangilio, wewe unampa historia. Hata hivyo nakubaliana nawe kwa sababu nyingine kabisa. Injini ya asili ya 504 ina sleevu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazotoka na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Silinda zikiisha, huhitaji kuchonga bloku: unatoa sleevu na pistoni, unaweka seti mpya, unahakikisha sleevu zimejitokeza juu ya bloku kwa kimo kinachotakiwa, kazi imekwisha. Hedi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo ikichemshwa hupinda, lakini iliyopinda kidogo husawazishwa kwa mashine. Kuungua kwa gasketi peke yake si hukumu ya kifo. Je, hedi hiyo imewahi kupimwa, au injini imehukumiwa bila kufunguliwa?

Mjomba wa Stesheni
Mmenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa na 504 stesheni, ile yenye safu tatu za viti, na mjomba wangu aliipenda kuliko kitu chochote chenye matairi. Kutu ilipoanza chini ya milango, fundi mmoja alijaza wavu na puti, akapiga msasa mpaka ukuta ukawa laini kama yai, kisha akapaka rangi nzuri iliyotufurahisha sote. Masika yalipopita, rangi ikaanza kuvimba vipele vidogo. Nilibonyeza kimoja kwa kidole gumba na kipande kizima kikang'oka, kinene kama mkate, na kwa ndani kikawa chekundu kwa kutu na kimelowa maji. Puti hunywa maji. Ndugu Simba504, hakikisha fundi wako anakata mpaka afike kwenye bati zima linalong'aa, na puti iwe ya kusawazisha tu, milimita chache juu ya chuma kilichokwisha kupakwa praima. Halafu mashimo ya kutolea maji yaliyo chini ya vizingiti vya milango yasizibwe kamwe, kwa sababu maji yanayokosa njia ndiyo yaliyoleta kutu tangu mwanzo.

Fundi Mabati
Nimesoma mara mbili. Mleta uzi anasema «sehemu za chini» na «kazi imeshaanza», basi. Ndugu yangu, nina maswali mawili kabla ya kugusa habari za injini. Ni sehemu zipi hasa zilizokatwa? Na milango yote minne inafunga?

Simba504
Asante sana Mjomba, fundi wangu hatumii puti namna hiyo. Bibi Spana, hedi haijapimwa, lakini injini ilikaa muda mrefu na sioni sababu ya kuifungua wakati 22R ipo tayari. Fundi Mabati, sehemu zilizokatwa ni zile za kawaida kwa gari la umri huu. Milango tutairekebisha mwishoni pamoja na bawaba. Naomba turudi kwenye mpangilio wa kazi.

Fundi Mabati
Hatutarudi huko mpaka ujibu. Milango inarekebishwa mwanzoni, kwa sababu ndiyo inayokuambia kama bodi bado imenyooka. 504 saluni haina chesisi ya kujitegemea kama pikapu kubwa. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyoshika mbele na nyuma visiachane. Vizingiti vimekatwa au havijakatwa?

Simba504
Sawa, nitasema yote ili tusonge mbele. Vizingiti vya pande zote mbili vilikatwa kwa pamoja, kwa kuwa vyote vilikuwa vimeoza na fundi aliona ni vyema akamilishe kukata kabla ya kuanza kuchomelea. Milango ilikuwa imetolewa. Gari lilikuwa juu ya stendi mbele na nyuma, injini ya zamani ikiwa ndani. Hakuna vyuma vya kukaza vilivyowekwa kwenye nafasi za milango. Vizingiti vipya vimeshikizwa kwa nukta chache za moto, bado havijachomelewa kikamilifu. Juzi tulijaribu kurudisha milango, na mlango wa dereva unagonga nguzo ya kati kwa kona yake ya juu, huku chini ukiacha nafasi inayopitisha kidole.

Hata hivyo naomba mnielewe. Fundi huyu ana uzoefu wa miaka mingi na ndiye aliyenishauri kuhusu 22R. Injini na gia boksi nimeshazilipia na ziko hapa nyumbani. Bawaba za gari kuukuu huchoka, na huenda tatizo ni bawaba tu. Sitaki kuambiwa nirudi nyuma wakati nimeshafika nusu ya safari.

Msomaji Makini
Mimi nina wasiwasi kwamba kisa hiki kimetungwa. Kwanza, tangu mwanzo hakuna picha hata moja. Pili, anadai ana 504 ya petroli ya mwaka 1973 isiyo na kabureta. Nilipanda 504 utoto wangu wote, na zote zilikuwa na kabureta. Zenye pampu na mirija ya mafuta zilikuwa za dizeli. Tatu, hakuna fundi mwenye uzoefu anayekata vizingiti vyote viwili kwa mara moja. Tunatumia jioni zetu kumshauri mtu ambaye pengine hana gari.

Mlinzi wa Asili
Kuhusu kabureta umemkosea, ndugu Msomaji. 504 ya kupulizia petroli ilikuwepo tangu mwaka 1968, kwa pampu ya kimakanika ya Kugelfischer inayopeleka petroli kwa mrija mmoja mmoja hadi kwenye kila silinda. Mwanzoni injini ilikuwa ya cc 1796, na kuanzia mwaka 1970 ikawa ya cc 1971. Zilizobaki ni chache, na ndiyo maana nimeshtuka kusikia inang'olewa. Simba504, tuambie unachokiona ukifungua bonneti, nasi tutajua.

Simba504
Nimeumia kuitwa mwongo, lakini nitajibu. Injini imelala kuelekea upande mmoja, haikusimama wima. Pembeni kuna pampu ya chuma yenye mirija minne myembamba, nami naijua harufu ya petroli, kwa hiyo dizeli si suala. Kibati kidogo kimeandikwa Kugelfischer na nusu ya herufi zimefutika. Picha sikuweka kwa sababu niliona aibu ya hali ya gari, na sikutaka fundi wangu aone kazi yake ikijadiliwa na watu.

Msomaji Makini
Nimeridhika kuhusu pampu, na nakuomba radhi kwa kukuita mtunzi. Kuhusu vizingiti, sasa natamani ungekuwa umetunga kweli.

Bibi Spana
Tukubaliane basi kwamba gari lipo. Umesema mwenyewe kwamba injini imelala, na hilo lina maana kubwa kwa mpango wako. Injini ya petroli ya 504 imeinamishwa nyuzi 45, na bonneti ilichorwa kwa kimo hicho. 22R husimama wima, ina bloku la chuma cha kusubu na ni ndefu kwa kimo, kwa hiyo kabla ya kuota sauti yake pima kutoka juu ya kichujio chake cha hewa mpaka chini ya sampu, yaani bakuli la oili, kisha linganisha na nafasi iliyopo kati ya bonneti na krosimemba, lile boriti la chuma linalopita chini ya injini. Wengi huishia kukata sampu au kutoboa bonneti.

Kubwa zaidi ni huko nyuma. Propela shafti ya 504, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, haiko wazi kama ya Toyota. Inapita ndani ya bomba gumu linalounganisha gia boksi na difu, na bomba hilo ndilo linaloviweka viwili hivyo katika mstari mmoja. Gia boksi ya Toyota haina pa kufungia bomba hilo. Utalazimika kutengeneza bati la kuunganisha 22R na gia boksi ya Peugeot, likiwa limelenga katikati kabisa, au uondoe bomba na uishikilie difu upya kwa namna ambayo kiwanda hakikuipanga. Kazi zote mbili zinawezekana, lakini zinataka fundi wa mashine ya kukerezea, na kuchomelea peke yake hakutoshi. Na faida yake? Injini yako ya cc 1971 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zinazozidi 100 kidogo, na 22R yenye kabureta iko karibu na hapo hapo, ingawa ina cc 2366. Kama kweli ya zamani imekufa, tafuta injini ya Peugeot XN1 ya kabureta kutoka 504 ya baadaye au Peugeot 505: ni ya ukoo mmoja, inalala vivyo hivyo, na inafungwa bila kukata kitu.

Mjomba wa Stesheni
Stesheni yetu nayo iliwahi kufungwa injini ya kuazima, ikawa inatetemeka kila inapoongeza mwendo mpaka vioo vinalia. Hatukuwahi kupata mstari ulionyooka. Usilipuuze hilo la bomba.

Fundi Mabati
Bibi Spana amemaliza upande wake, sasa nisikilizwe upande wangu, kwa sababu ndio ulio wa haraka. Mlango unaogonga juu na kuachia chini si bawaba. Bawaba iliyochoka huangusha mlango upande wa kufuli, nawe unaunyanyua kwa mkono ukarudi mahali pake. Ulichoeleza ni dalili ya bodi iliyozama katikati: mbele na nyuma zilishikwa na stendi, uzito ukashuka kati, nafasi ya mlango ikajibana juu na kufunguka chini. Ukichomelea vizingiti sasa utaigandisha bodi katika hali hiyo maisha yake yote. Kwa bahati njema havijachomelewa.

Leo usichomelee chochote. Chukua utepe na upime kila nafasi ya mlango pembe kwa pembe, kutoka boliti ya bawaba ya chini hadi kona ya juu ya nguzo inayofuata. Usilinganishe kushoto na kulia peke yake, maana pande zote mbili zilikatwa na zinaweza kuwa zimepinda sawasawa zikakudanganya. Tafuta 504 saluni ambayo haijawahi kukatwa, upime sehemu zile zile. Usipime stesheni, hasa mlango wa nyuma, kwa sababu stesheni ina mita 2.90 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na saluni ina 2.74.

Simba504
Nimepima jioni hii. Mlango wa mbele kushoto unatofautiana na wa kulia kwa milimita 4. Kisha nikaenda kwa mtu mwenye saluni nzima ya petroli, akaniruhusu kupima: wangu wa kushoto ni mfupi kwa milimita 11 kuliko wake, na wa kulia kwa milimita 7. Nimeongea na fundi. Hakufurahi, lakini amekubali kusimama. Kuhusu 22R, bado naamini ni injini nzuri na sijaamua kuiuza. Nitaipeleka hedi ya zamani ikapimwe kwanza.

Dereva Mstaafu
Mimi nimechelewa kufika, lakini kwa swali la mwanzo jibu ni bodi kwanza, rangi ya ndani ya chumba cha injini, kisha injini, na rangi ya nje mwisho. Na hiyo pampu ya Kugelfischer kama huihitaji, naomba unifikirie.

Simba504
Mzee, shikamoo. Pampu haiuzwi mpaka hedi ipimwe.

Fundi Mabati
Milimita 11 zinarudi, usikate tamaa. Toa nukta zote za moto ili vizingiti vilegee. Weka stendi chini ya mahali pa suspensheni, mbele na nyuma, ili bodi ibebe uzito kama inavyobeba barabarani. Jeki iwe katikati, juu ya ubao mpana ili usitoboe sakafu, upandishe polepole huku milango ikiwa imefungwa kwenye bawaba zake, mpaka nafasi ilingane juu na chini na vipimo vikaribie vya yule mwenzako. Hapo ndipo uchomelee vyuma vya kukaza ndani ya kila nafasi ya mlango, kwa namna ambayo mlango bado unaweza kufungwa na kufunguliwa. Toa tangi la petroli na uchomoe betri na oltaneta kabla ya cheche ya kwanza. Kizingiti cha kushoto kichomelewe kwanza, vipande vifupi vya kupishana ili joto lisikivute, na usiguse cha kulia kabla hujapima tena nafasi zote nne na kuzileta hapa.