Kisa cha wimbo: tuamini mtandao au tuwaulize wazee?

Mwana Kirumba
Jana jioni tukiwa Mwaloni, Mwanza, tunasubiri gari la dagaa, redio ilipiga "Malaika", na wenzangu wawili wakabishana kuhusu aliyeutunga. Kila mmoja alifungua simu yake. Wa kwanza alimpata Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi. Wa pili akampata Adam Salim, Mtanzania aliyedai kwamba aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi. Nilipotafuta mimi, nikakutana na jina la tatu, Grant Charo. Naomba tujadili: je, maelezo ya mtandaoni kuhusu visa vya nyimbo yanafaa kuaminiwa? Mimi naona yanatupotosha, hasa kwa nyimbo za lugha za kwetu. Hata "Maria Salome" wa Saida Karoli tuliucheza nchi nzima wala hapakuwa na aliyejua unasema nini.

Binti Kagera
Kaka, hapo umenikwaza. Hapakuwa na aliyejua, au wewe ndiye hukujua? Tulikuwa tumepanga Igoma, na mama yangu alikuwa akimenya ndizi huku akiusikiliza wimbo huo redioni. Kulikuwa na mahali alikokuwa akisimamisha kisu na kucheka peke yake, na majirani wakamtazama. Wahaya tuliuelewa, ila hakuna aliyekuja kutuuliza.

Mzee wa Santuri
Turudi kwenye "Malaika". Jina lililochapwa kwenye santuri ni la mtu aliyeandikishwa na kampuni, na mara nyingi huyo siye aliyeutunga wimbo. Miriam Makeba aliupeleka duniani, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na ugomvi wa nani mwenyewe haukuisha. Vijana wa leo mnasoma maoni yaliyo chini ya video, mnadhani mmesoma historia.

Kijana wa Nyegezi
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, sikubali. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akalipwa shilingi chache, na alifariki mwaka 1962 akiwa maskini wakati wimbo wake ukiwatajirisha wengine Marekani. Mwandishi Rian Malan alipokichapisha kisa hicho mwaka 2000, dunia ikajua, na mwaka 2006 binti za Linda wakafikia makubaliano ya malipo. Kisa kilichoandikwa na kusambaa ndicho kilichowasaidia. Ninyi wazee visa mnavyo, lakini mnakaa navyo mpaka vinazikwa pamoja nanyi. Saida Karoli mwenyewe nilimfahamu kwa sababu Diamond aliurudia wimbo wake mwaka 2017.

Binti Kagera
Ilikuwa mwaka 2016, akiwa na Rayvanny. Tunapodai ukweli, tuanze na miaka.

Mzee wa Santuri
Marahaba mwanangu, lakini neno la kukaa navyo limenichoma. Nilikuwa na kanda ya bugobogobo, ngoma ya majembe, niliyoirekodi mwenyewe msimu wa mavuno. Kwenye karatasi ya jalada niliandika kwa kalamu ya wino jina la manju (kiongozi wa ngoma), kijiji na sababu ya wimbo ule kutungwa. Nilimkabidhi mtu aliyeahidi kuihifadhi mtandaoni. Leo sauti ile naisikia kwenye simu za watu, na maelezo yake ni maneno mawili tu: "ngoma ya Kisukuma". Je, hapo aliyekizika kisa ni mimi?

Mwalimu wa Kisesa
Wabeja (asante) mzee kwa kulisema hilo. Ngoma zetu Wasukuma zina makundi mawili yanayoshindana tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, na nyimbo nyingi ni majibu kwa kundi la pili. Anayetazama video ya mashindano ya ngoma ya Bulabo pale Bujora ataona nyoka na vumbi, ila hatajua ni nani anayejibiwa, na hata akitafsiriwa kila neno hatajua. Genius, tovuti iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya mashairi ya rapu, inamruhusu msomaji yeyote kufafanua mstari mmoja mmoja. Njia hiyo ingetufaa sana, mradi anayefafanua aseme aliambiwa na nani, na aliyemwambia alikuwepo au naye alisimuliwa.

Kijana wa Nyegezi
Mzee, naomba radhi kuhusu kuzikwa. Sikujua habari ya kanda. Je, jina la yule manju bado unalikumbuka?

Mzee wa Santuri
Nalikumbuka, na kijiji pia. Siyaandiki hapa kabla ya kuwaomba wanawe ruhusa.

Mwana Kirumba
Nami namwomba radhi dada yetu wa Kagera. Kama mama yupo, tunaomba atuambie alichokuwa akikicheka.

Binti Kagera
Nimempigia simu sasa hivi. Amecheka tena, kisha akasema mahali hapo yeye hupaelewa kwa namna yake, na shangazi yangu wa Muleba huwa anambishia. Nitaandika maelezo ya wote wawili, kila mmoja kwa jina lake, wakinikubalia.

Mwalimu wa Kisesa
Usiyaunganishe. Yaache mawili.