Tupeane uzoefu: gitaa lako la umeme ni la kampuni gani, na bei yake imekulipa?

Mwanzisha mada: Wacharazaji, hamjambo. Hapa tuseme tunachokipiga wenyewe, sifa za kwenye matangazo tuziache hukohuko.

Naanza. Nina Telecaster ya Fender, na kwenye bendi kuna Les Paul ya Gibson ninayoishika mara kwa mara. Wengi hudhani tofauti ni sura tu. Telecaster, ya tangu 1951, shingo yake imefungwa kwa skrubu, na uzi kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa) hadi briji (nyuzi zinapokalia mwilini) una karibu milimita 648. Les Paul, iliyotoka 1952, shingo imeunganishwa kwa gundi na uzi ni karibu milimita 628. Vidole vinaijua tofauti hiyo: nyuzi zilezile zikiwa kwenye Les Paul zinalegea kidogo, kuvuta noti ni rahisi. Kwenye Tele zinakaza. Halafu pikapu, yaani kile kinachodaka mtikisiko wa nyuzi: ya koili moja ni kali lakini inavuma ukisogelea taa, ya koili mbili inaufuta mvumo huo na kutoa sauti nene. Ridhimu ya kukatakata nachukua Tele. Solo ndefu, ile ya bendi.

Ndege Shingoni: PRS SE hapa, yaani daraja la bei nafuu la Paul Reed Smith. Wale ndege waliochorwa kwenye shingo ndio walionivuta, wacheni mcheke. Kilichonibakiza ni urefu wa uzi, milimita 635, katikati ya hao wawili uliowataja. SE nyingi za sasa zinatoka Indonesia, kiwanda cha Cort, ambacho kinatengenezea na kampuni nyingine kubwa. Anayedharau gitaa kwa kusoma nchi iliyoandikwa nyuma ya kichwa, namwomba alipige kwanza.

Fundi: Mezani kwangu bei naiona kwenye ncha za freti (vile vijiti vya chuma shingoni), nati, masikio ya kukazia nyuzi na swichi. Rangi na mbao nzuri huja baadaye. Niliwahi kuletewa gitaa la bei kubwa mno, kampuni siitaji, ncha za freti zinachana kiganja na nati inabana uzi wa G hadi unaruka tyuni kila ukivutwa. La bei ndogo lililosawazishwa freti lingeliaibisha. Jambo jingine: kichwa kilichoinamia nyuma, kikiwa cha kipande kimoja cha mbao na shingo, hupenda kuvunjika pale nyuma ya nati gitaa likianguka. Stendi nzuri ni rahisi kuliko gundi yangu.

Mgeni Jukwaani: Mbona Strati, yaani gitaa za umbo la Stratocaster ya Fender, za kila kampuni zina mwili mmoja ila vichwa havifanani?

Mwanzisha mada: Sheria hiyo. Mwaka 2009 Fender walikataliwa Marekani kusajili miili ya Stratocaster, Telecaster na besi ya Precision kuwa alama zao, maana wengine walishaitengeneza miaka mingi. Kichwa ndicho kinacholindwa. Gibson nao waliwashtaki PRS kwa gitaa la mkato mmoja (mwili uliokatwa upande mmoja tu wa shingo, kama Les Paul), na 2005 mahakama ya rufaa ikawapa PRS haki. Kwa hiyo ukitaka kujua mwenye gitaa, tazama kichwa.

Mkono Mwepesi: Ibanez RG. Shingo nyembamba, freti 24, mwili wenye pembe kali, halijifanyi la zamani. Langu lina briji inayofunga nyuzi. Tyuni haitoki hata ukiinyanyasa, ila kubadilisha nyuzi ni kazi ya jioni nzima.

Bajeti Ndogo: Squier, jina la bei nafuu la Fender, nililipandisha daraja: masikio mapya, pikapu mpya, setapu (kurekebishwa lipigike vizuri). Linapigika vizuri sana. Lakini jumla ya gharama ilikaribia Fender ya Mexico, na mnunuzi bado ataliita Squier.

Fundi: Kama una mpango wa kuliuza, rudishia pikapu za kiwandani. Hizo mpya ziuze peke yake.