Nyimbo tano ambazo kila Mkenya anafaa kuzisikia: leteni zenu, na sababu

Mwalimu wa Rhonda
Salamu wakuu. Shule yetu ya hapa Nakuru ina siku ya wazazi mwezi ujao, na nimepewa robo saa niwasikilizishe watoto nyimbo ambazo mtu hafai kumaliza shule nchi hii bila kuzisikia. Nimechagua tano. Malaika ya Fadhili William. Helule Helule ya Daudi Kabaka. Kothbiro ya Ayub Ogada. Chemirocha ya wale wasichana wa Kipsigis. Ya tano itakuwa ya isukuti, bado natafuta. Kigezo changu ni kimoja: mtoto aelewe maneno, kwa sababu wimbo usioelewa ni mlio tu. Ohangla, ule muziki wa ngoma wa Wajaluo, nimeiacha makusudi, mahali pake ni matangani. Ongezeni, punguzeni, lakini mtoe sababu.

Mpita Njia
Malaika ni ya Miriam Makeba. Rekebisha mapema, Mwalimu, kabla watoto hawajakucheka.

JaKondele
"Mahali pake ni matangani." Mwalimu, hilo uliliandika ukiwa umeketi ama umesimama? Maana ukija Kisumu ulirudie, nataka uwe umesimama, usipate shida ya kutafuta viatu.

Bondeni Mzaliwa
@Mpita Njia Makeba aliimba tu, na Boney M. wakaimba 1981, na kila bendi ya hoteli kutoka hapa hadi Malindi huimba watalii wakishashiba. Fadhili William ndiye aliyeiweka kwenye santuri kwanza hapa Kenya.

Mpita Njia
Kuweka kwenye santuri si kutunga. Watanzania wanasema ni ya Adam Salim, ati aliitunga 1945.

Bondeni Mzaliwa
Watanzania wangeweza kusema hata Menengai ni yao.

Shangazi Molo
Mwalimu, swali dogo. Kigezo chako ni mtoto aelewe maneno. Kothbiro ni Kijaluo, Chemirocha ni Kipsigis, isukuti ni Kiluhya, na Helule Helule waulize wenyewe maana yake kama watakuambia. Watoto wa Rhonda wataelewa nini hapo? Naenda kukamua, nitarudi.

JaKondele
Sijamalizana na Mwalimu. Ohangla si ya matanga. Ohangla ni ya harusi, ni ya kumkaribisha mgeni, ni ya Ijumaa. Watu wa Nakuru mmeijua kwa spika za disko matanga za kukodisha, mkadhani ndiyo ile. Mwaka juzi tulimzika mama mdogo huko Ahero. Kaka yake, mjomba wangu, hakuwa amefungua mdomo tangu mwili utoke mochari. Siku tatu, chai hanywi, salamu hajibu. Usiku wa mwisho wapiga ohangla wakaingia, ngoma na orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, na mzee akasimama na noti ya hamsini. Kama mnajua pakruok mnajua kinachofuata: ukitoa pesa muziki unakatwa, unapewa maiki, unajisifu na kuwasifu watu wako. Mzee akamsimamisha mpigaji, akamwita dada yake kwa jina la sifa ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia, jina la walipokuwa wasichana kwa wavulana wakichunga. Akasema maneno mawili matatu, akatoa hamsini nyingine muziki uendelee. Alipokaa akaomba chai. Sasa niambie hiyo ni kelele.

Omwana wa Khayega
JaKondele, umesema ohangla si ya matanga, kisha ukatupeleka matangani.

JaKondele
Omera, usianze.

Omwana wa Khayega
Sianzi, mimi nina kesi yangu na Mwalimu. "Ya isukuti, bado natafuta." Unatafuta kana kwamba ni soksi imepotea chini ya kitanda. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, na si orodha ya kujivunia, ni ile ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, na njuga. Ukisikia ile ndogo inaongea na ile kubwa utajua kwa nini bibi yangu, aliyekuwa akitembelea fimbo mbili, siku hiyo alikuwa anaacha moja. Sasa siku hizi inasikika wapi? Kwa kampeni. Mwanasiasa asiyejua hata njia ya kwenda Khayega anashuka kwa helikopta, anapigiwa Mwana wa Mberi. Ule ni wimbo wa kifungua mimba! Ni wa nyumba iliyopata mtoto wa kwanza. Huyo kifungua mimba wa nani?

Bondeni Mzaliwa
Kifungua mfuko.

Arap Kapkatet
Nashukuru Mwalimu kwa kutukumbuka. Kwa wasioijua Chemirocha: ilirekodiwa 1950 kwetu Kapkatet na Mwingereza aliyekuwa akizunguka na mashine yake, Hugh Tracey. Wamishonari na gramafoni zao walikuwa wametuletea sauti ya Mmarekani mmoja, Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitaa. Jina likageuka ulimini likawa Chemirocha, na wasichana wakamwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Mtu wenyewe alikufa 1933. Wanamwita acheze, na ameshazikwa Marekani miaka kumi na saba! Na maneno ya nyimbo zake hakuna hata mmoja wao aliyeyaelewa. Hilo ndilo jibu la Shangazi Molo, kama Mwalimu hatajibu.

JaKondele
Sawa, wimbo mzuri. Lakini Mwalimu kaweka wimbo wa swala, akaacha benga yote, muziki wetu wa gitaa. D.O. Misiani hayuko. Mfalme wa benga hayuko! Luo ndiyo iliyowapa muziki huu nyote, Wakikuyu wakachukua, Wakamba wakachukua, Wakalenjin wakachukua.

Mpita Njia
Misiani alizaliwa Shirati. Shirati iko Tanzania.

Bondeni Mzaliwa
Hahaha. Menengai nayo ichukueni.

JaKondele
Shirati ni Luo. Mpaka ulichorwa na Mjerumani na Mwingereza, hawakumuuliza Misiani. Alifia ajalini hapa Kisumu 2006, na mimi nilikuwa kati ya waliotembea nyuma ya gari la maiti. Kwa hivyo nyamaza kidogo.

Arap Kapkatet
"Wakalenjin wakachukua." Omera, hizo santuri zenu za benga zilirekodiwa wapi? Nyingi ni Kericho, kwa studio ya Chandarana. Mlipanda mlima na magitaa mabegani, mkalala kwetu, mkala kwetu. Kipchamba arap Tapotuk hakuchukua kitu kwa mtu, alikuwa na gitaa lake na maneno yake.

JaKondele
Mlitulaza kwa nani? Hoteli tulilipa.

*(Hapa kuna posti kama ishirini za nani alilala kwa nani Kericho. Nimezikunja, zimetosha. Msimamizi.)*

Dereva wa Zamani
Mimi nimeendesha gari la abiria kumi na wanne Nakuru–Kisumu miaka kumi na moja. Naomba niseme kitu kuhusu nyimbo, kama bado ndilo swali. Redio ya gari ina siasa yake. Ukitoka stendi ya Nakuru unapiga nyimbo za injili, abiria wametoka kuachana na watu, hawataki fujo. Ukipita Salgaa mwenye kiti cha mbele anaanza kukutazama. Kericho unaweka Kipchamba, la sivyo hupati abiria wa kurudi. Ukishuka Awasi, ohangla, hata kama gari limejaa Wakisii, kwa sababu polisi wa hapo wanaisikia wanakupungia mkono. Siku moja kwenye mvua ya Londiani nilikuwa na flashi ya nyimbo za bendi ya Super Mazembe, nikaweka tu ili nisisinzie. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniomba niurudie wimbo. Nikaurudia. Akaomba tena. Mara tatu. Abiria walianza kulalamika, lakini mimi nilimtazama kwenye kioo nikaona afadhali walalamike. Aliposhuka alinilipa zaidi ya nauli, hakungoja chenji.

Shangazi Molo
Wimbo gani huo, dereva?

Dereva wa Zamani
Kasongo.

Nyota ya Naka
Sikupanga kuandika, nilikuwa nasoma nikisubiri mtoto amalize homuwaki. Lakini mmeutaja.

Baba yangu alikuwa na nyumba mbili. Sisi Bondeni, na ile nyingine Eldoret, ambayo watoto hatukuijua hadi nilipofika kidato cha pili. Alikuwa akija mwisho wa mwezi, mwezi mwingine haji. Mama alikuwa na redio ya kaseti, betri akizianika juani juu ya bati zikiisha nguvu, na kanda moja aliyoirekodi kutoka kwa redio, imeandikwa kwa biki nyekundu "ZAIRE". Baba akiingia tu na begi, kabla hajaketi, mama anabonyeza kanda, anapandisha sauti, anaenda jikoni. Kasongo. Tukicheza sisi watoto, baba akicheza nasi. Alikuwa anaupenda sana! Anavua koti na kuzungusha kiuno katikati ya sebule, anatuambia mama yenu anajua muziki. Mama anakaanga samaki, hatazami.

Kisha ule wimbo ukafufuka 2024 kwenye simu zote, mnajua kwa sababu gani, Rais Ruto alipobatizwa hilo jina. Watu wakaanza kuutafsiri. Nikasoma kwamba ni mke anamwita mumewe arudi nyumbani. Nilikuwa jikoni kwangu, mwiko mkononi. Nikampigia mama. Nikamuuliza, mama, ulikuwa unajua Lingala? Akaniambia, yule fundi wa nguo Mkongo aliyekuwa mlango wa tatu alinieleza, 1986. Nikamuuliza, na baba alijua? Akasema, "Angejua angecheza?" Halafu akaniuliza kama mahindi ya Njoro yameshuka bei.

Arap Kapkatet
Aisee.

Omwana wa Khayega
Mama huyo apewe heshima zake.

Bondeni Mzaliwa
Hadithi nzuri, lakini mbona kila mjadala huku unaishia wanaume wakiwa washtakiwa? Babako alikuwa akileta begi. Pengine alijua na akacheza ili kusiwe na vita mbele ya watoto. Hilo hamlifikirii.

Shangazi Molo
Begi lilikuwa na nini, Bondeni?

Bondeni Mzaliwa
Sijui, mimi si mtoto wa pale.

Nyota ya Naka
Mkate, na nguo zake chafu.

JaKondele
Weh.

Mpita Njia
Lakini Super Mazembe ni Wazaire, kwa hivyo hata hivyo si wimbo wa Kenya. Mwalimu alisema Mkenya.

Dereva wa Zamani
Walihamia Nairobi wakakaa. Wewe Mpita Njia ukitaka kuona pasipoti ya kila wimbo utakufa hujacheza.

Mwalimu wa Rhonda
Nimerudi, nilikuwa nasahihisha mitihani. Naona nimeitwa majina. Kwanza, JaKondele, sikusema ohangla ni mbaya, nilisema mahali pake ni matangani, na wewe mwenyewe umenithibitishia kwa machozi. Pili, Shangazi, kigezo changu ni kizuri, nilitaka tu kuwatafsiria watoto kwanza. Kothbiro kwa mfano watu wanadhani ni wimbo wa mapenzi kwa sababu waliusikia kwenye filamu ya 2005, kumbe ni mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Mtoto akiambiwa hivyo ataufurahia zaidi.

JaKondele
Nani amelia? Nilisema mjomba aliomba chai.

Shangazi Molo
Mwalimu, ulipousikia Kothbiro mara ya kwanza ulikuwa unajua kuhusu ng'ombe?

Mwalimu wa Rhonda
Hapana.

Shangazi Molo
Ulikuwa wapi?

Mwalimu wa Rhonda
Hosteli ya chuo, chumbani kwa rafiki ambaye siku hizi hatuongei. Hilo lina uhusiano gani na siku ya wazazi?

Shangazi Molo
Nimeuliza tu.

Fundi Spika Kibuye
@Nyota ya Naka hiyo kanda bado iko?

Nyota ya Naka
Iko kwa mama. Redio ndiyo ilikufa. Inazunguka kidogo kisha inaanza kuimba kama mtu mlevi.

Fundi Spika Kibuye
Huo ni mpira wa ndani umelegea, si redio imekufa. Usijaribu kuichezesha tena, itakula kanda. Ikiwa imejikunja, ingiza kalamu ya biki kwenye kitundu uizungushe polepole hadi ikaze, usivute kwa vidole. Mpira ninao. Niletee Kibuye siku ya soko, Jumapili, upande wa wauza nguo, uliza fundi mwenye mwavuli wa kijani. Kama huji Kisumu, mpe dereva wa gari la asubuhi, nitaipokea stendi.

Dereva wa Zamani
Mimi sipo barabarani tena lakini nina kijana wangu, anatoka saa kumi na moja alfajiri. Atabeba bure.

Nyota ya Naka
Asanteni. Nitamuuliza mama kama anataka itengenezwe.

Mpita Njia
Kwa hivyo tumekubaliana Malaika ni ya nani?