Naomba ushauri: shafti ya PTO imeganda, haivutiki

Wakuu, habari za mihangaiko. Niko Urambo, Tabora. Shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye slasha, mashine ya kufyekea majani) ililala nje masika yote, sasa bomba la ndani limeng'ang'ania kwenye la nje. Kava la plastiki nimeshatoa. Mdomo wa bomba ni kutu tupu. Nimemwagia dizeli, kimya.

Fundi anataka kupasha moto kwa gesi, tufunge upande mmoja kwenye mwembe, tuvute kwa mnyororo. Hofu yangu ni krosi (kiungo cha msalaba kinachoiwezesha shafti kupinda ikizunguka): moto ukifika pale, grisi na sili kwisha. Kuifunga hivihivi kwenye trekta sithubutu, maana ukinyanyua slasha shafti isipofupika inasukuma giaboksi, beringi zinakufa.

Nipashe au niendelee kuloweka? Na ikifunguka, bomba mnalipaka grisi kila baada ya saa ngapi za kazi?