Adui mwenye nguvu za mionzi: shujaa asiye na nguvu yoyote atamshindaje?

Mchoraji_Tandika
Wakuu, habari za leo. Nachora hadithi ndefu ya katuni na nimekwama katikati. Adui mkuu ni mwanafizikia ambaye mwili wake wote unatoa mionzi. Anayeyusha chuma kwa kiganja, na anayemsogelea anaungua. Nimevutwa sana na Radioactive Man wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, yule mwanafizikia wa China aitwaye Chen Lu.

Tatizo ni kwamba nimempa nguvu mpaka hakuna wa kumgusa. Shujaa wangu ni binti wa kawaida, ana akili na mbio basi. Kila nikichora pambano, ama anakufa mapema, ama namwokoa kwa muujiza ambao hata mimi siuamini. Mwenzangu anayeandika maneno anataka binti naye apewe mionzi, wapambane moto kwa moto. Sitaki kabisa, kwa sababu hadithi nzima inamhusu mtu asiye na chochote. Je, nimpunguze adui makali? Natanguliza shukrani.

Msomaji_Mkongwe
Mkuu, usimguse binti, na adui usimpunguze. Mrudie huyo huyo Chen Lu.

Alitokea mara ya kwanza Juni 1963, kwenye jarida la katuni Journey into Mystery namba 93, mikononi mwa Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Vita vya China na India vya 1962 vilikuwa vimetoka kupiganwa, na ndani ya hadithi Thor, shujaa wa jarida hilo, anawarudisha nyuma wanajeshi wa China. Chen Lu anaahidi kummaliza. Sasa angalia anavyozipata nguvu zake. Wenzake wa enzi hizo walikumbwa na ajali: Peter Parker (Spider-Man) aling'atwa na buibui mwenye mionzi, Bruce Banner (Hulk) akapigwa na mlipuko wa bomu la gama. Chen Lu alijitakia. Alijizoesha kwa dozi ndogondogo mpaka mwili ukahimili, ndipo akajimiminia kubwa. Hapo unapata tabia nzima ya mtu: subira, kiburi, na hesabu baridi. Na China yenyewe ililipua bomu lake la kwanza la atomiki Oktoba 1964, mwaka na ushee baada ya hadithi kutoka, kwa hiyo wasomaji wa Marekani walikuwa wakisoma hofu yao wenyewe.

Thor naye hakumshinda kwa ngumi. Alimzungushia kimbunga kikamrusha mpaka kwao China. Kilichosaidia ni umbali.

Fundi_wa_Picha
Nadakia hapohapo kwenye umbali, maana nafanya kazi chumba cha X-ray. Kinga yetu yote ni mambo matatu: muda, umbali, na kizuizi. Kaa kidogo, kaa mbali, weka kitu kizito katikati. Ukisimama mita 2 badala ya 1, mionzi inayokufikia inabaki robo. Mita 3, inabaki sehemu moja ya tisa. Binti yako ana mbio, tayari ana silaha! Mpe na mazingira: kuta nene za zege, matangi ya maji, mabamba ya madini ya risasi.

Mpe pia kipimo cha Geiger, kile kifaa kinacholia kikikuta mionzi. Mlio wake ukianza kukazana, msomaji anajua adui yuko nyuma ya ukuta kabla hujamchora. Ukurasa mzima unaweza kuubeba kwa "tk… tk… tk-tk-tktktk" tu.

Halafu achana na miale ya kijani. Mionzi haionekani wala hainuki. Ule ung'avu wa kijani watu waliuzoea kwenye saa zilizopakwa rangi yenye radiamu, na kilichong'aa ni kemikali iliyochanganywa nayo. Dozi kubwa haiui papo hapo pia. Mtu hutapika ndani ya saa chache, kisha anapata nafuu ya uongo, kisha anaanguka. Louis Slotin, mwanafizikia wa Los Alamos, maabara ya Marekani ya mabomu ya atomiki, alipigwa na mionzi kwenye jaribio tarehe 21 Mei 1946. Waliokuwemo chumbani waliona mwanga wa buluu. Alitoka pale kwa miguu yake, akafa siku 9 baadaye. Mimi adui wa namna hiyo ananitisha kuliko anayerusha moto.

Kijana_wa_Kkoo
Fundi, kwa heshima zote, katuni siyo darasa. Ukiondoa rangi na miale, mchoraji anachora nini? Msomaji anataka kuona nguvu.

Mama_Salha
Anachora watu, mwanangu. Soma habari za Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Mashine ya tiba ya saratani iliachwa kwenye kliniki iliyohamwa, watu wakaibeba wakaiuze kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu-137 unaotoa mwanga wa buluu gizani. Mwenye yadi akaita ndugu na majirani waje waone, wakagawana, wengine wakajipaka mwilini. Watu 4 walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6, na 249 walikutwa wamechafuliwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Sasa mweke adui mwenye nia mbaya, anagawa kitu kizuri mkononi kwa mkono, tena anatabasamu. Miale ya nini?

Mwana_Katanga
Kama unatafuta chanzo, urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa kwetu Kongo, mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Ukiweka hapo, tafadhali waweke na wachimbaji, wasiwe pazia la nyuma.

Mchoraji_Tandika
Mmenifungua macho, asanteni sana. Adui abaki na nguvu zake zote, ila mwili wake usiwake tena, na kipimo kiwe mkononi mwa binti tangu mwanzo. Maswali mawili. Adui asiyegusika nitamfanyaje awe mtu? Na nikimtega ndani ya tangi la maji, kisayansi inakubalika?

Msomaji_Mkongwe
La kwanza: miaka ya 2000 Chen Lu aliingia kundi la Thunderbolts, akawa anavaa vazi la kuzuia mionzi yake ili wenzake wasidhurike. Chora adui wako akila mezani peke yake, na kiti cha pili kiko upande wa pili wa ukuta wa kioo kinene. Hasira yake ianzie hapo.

Fundi_wa_Picha
La pili: inakubalika. Vinu vya nyuklia huweka fueli iliyotumika kwenye mabwawa yenye kina, na mita chache za maji zinatosha kumlinda anayesimama juu. Humo majini pia mwanga wa buluu huonekana kweli, kwa hiyo Kijana_wa_Kkoo naye amepata rangi yake. Ila maji yanakinga yakiwa katikati yao. Binti akizama naye wakabaki umbali wa mkono mmoja, amekwisha. Mfanye afunge mfuniko kutoka nje.